Tawi Lililoanguka

Kila asubuhi, kabla ya mambo mengine yote, mmoja wetu huchota kikombe cha maji ya mvua kwenye pipa lililo chini ya bati, akanyunyizia kwa vidole kipande cha tawi kisichozidi urefu wa mkono. Mwingine husimama mlangoni kufukuza kuku. Kazi yenyewe haifiki dakika tano. Tumeifanya tangu Januari 2018, na kuna miezi ambayo hiyo ndiyo ilikuwa kazi pekee tuliyoweza kuifanya pamoja alfajiri, kwa sababu sala ilikuwa imetushinda. Tulipoombwa kuandika habari ya imani yetu kwa ajili ya kitabu hiki, tulitafuta jambo kubwa zaidi la kuwaeleza wapendwa. Hatukulipata. Tunalo hili tawi.

Sisi ni mke na mume, wazaliwa wa Rungwe. Mmoja wetu anafundisha baiolojia shule ya sekondari, mwingine anafanya kazi zahanati. Mwaka 2016 tulipangiwa kazi mkoa wa Mtwara, tukaishia huku kwenye Ghuba ya Mnazi, upande wa Msimbati, mahali ambapo mchanga ni mweupe hadi unaumiza macho na upepo una chumvi. Anayeijua Rungwe ataelewa tulivyojisikia. Kwetu mlima una karibu mita 2,960, mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, na watoto huenda shule na sweta. Huku, ikifika Desemba, mtu huamka usiku kugeuza godoro kwa jasho. Hatukuja kwa moyo mweupe. Barua ya kuomba uhamisho tuliiandika kabla hata ya kununua meza, na kila Jumapili kwenye jumuiya, hoja yetu ya maombi ilikuwa hiyo hiyo hadi wenzetu wakaikariri.

Likizo ya Desemba 2017 tulikwenda nyumbani. Mama (ni mama wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, lakini sote tulimwita mama, na yeye hakutaka tofauti) alikuwa na shamba la migomba linalopakana na msitu. Siku moja baada ya dhoruba alituita tumfuate. Mti mkubwa ulikuwa umeangusha tawi juu ya migomba yake. Tawi lote lilikuwa limevaa yale majani laini kama manyoya yanayoota kwenye magome ya miti ya mlimani, na katikati ya manyoya hayo kulikuwa na kitu kinatambaa mfano wa uzi wenye mafundo, kila fundo likiwa na majani madogo kama ukucha. Mama akainama, akachukua panga, akakata kipande cha tawi pamoja na manyoya yake, akakifunga kwa jani la mgomba.

Tulimuuliza kwa nini asitutolee kingine kizuri zaidi, maana juu ya mti wa jirani kulikuwa na zulia zima la mmea ule ule, mahali mtu mrefu angeweza kufika. Akatujibu kwa Kinyakyusa, kwa maana hii: kilichoko juu ni cha mti, kilichoanguka ni cha atakayeinama. Alisema pia kwamba vitu hivi vikiachwa chini havidumu. Vimezoea kukaa juu, penye mwanga na ukungu unaopita. Chini ya majani vinaoza. Kwa hiyo kuviokota si kuiba, ni kuviokoa. Sheria nayo iko upande wake, ingawa hakuwahi kuisoma: msitu wa Mlima Rungwe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na biashara ya okidi za porini inabanwa na mkataba wa kimataifa. Wengi wa nyanda zetu za juu wanazijua okidi kwa tumbo tu. Zile zinazoota ardhini zina viazi vidogo ambavyo huchimbwa na kuuzwa hadi Zambia, huko hupikwa chikanda. Zilichimbwa kwa pupa, na hiyo ni mojawapo ya sababu za uwanda wa Kitulo, ule watu wanaouita Bustani ya Mungu, kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Ule uzi wenye mafundo nao ni okidi, ingawa ukimwonyesha mtu aliyezoea okidi za kwenye kalenda atakucheka. Ni ya kundi linaloitwa Stolzia. Jina hilo lina habari inayotuhusu sisi watu wa kanisa. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mmoja wa waliowafuata, Adolf Stolz, alikaa Kyimbila, karibu na Tukuyu. Alikuwa na jicho la mimea. Aliichuma, akaikausha, akaipeleka Ujerumani, na mwaka 1915 mtaalamu Rudolf Schlechter akalipa kundi hili la okidi ndogondogo jina la Stolz. Mkusanyo wa okidi wa Schlechter uliwekwa Berlin. Machi 1943, mabomu ya vita yalipoangukia mji ule, jumba la mimea iliyokaushwa liliungua na mkusanyo huo ukateketea humo. Huku Rungwe mimea yenyewe iliendelea kutambaa juu ya miti kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama hakuwahi kusikia jina la Stolz kama jina la mmea. Yeye aliuita "kale kadogo".

Tulisafiri nako siku mbili, tukipokezana kukapakata ndani ya basi. Tulipofika tulihesabu mafundo yenye majani hai: thelathini na moja.

Tulifanya makosa yote. Kwanza tulikaning'iniza kwenye mwembe, tukidhani mti ni mti. Lakini okidi ya namna hii haili chochote cha mti. Watu huidhania kuwa kimelea, mnyonyaji, kumbe imekaa tu juu ya gome na hunywa kinachopita hewani: ukungu, umande, mvua. Kwetu ukungu hupita kila siku. Huku kinachopita ni upepo wa bahari. Kisha, tulipoona majani yanasinyaa, tukaongeza maji, tena maji ya kisima, ambayo huku kwetu yana chumvi kiasi kwamba chai yake unaijua kwa ulimi. Ndani ya mwezi mmoja ncha za majani zikawa nyeusi. Tulikuwa tunakatilia chumvi kila asubuhi kwa mikono yetu wenyewe, kwa upendo mwingi. Ilipofika Pasaka mafundo yalikuwa tisa.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, bibi mmoja Mmakonde, Mwislamu, ambaye hadi wakati huo tulikuwa tukimkwepa. Tuseme ukweli. Siku za mwanzo aliingia uani, akalitazama tawi letu, akauliza, "Hiki kinaliwa?" Hakiliwi, bibi. "Ni dawa?" Si dawa. "Basi mnakilea cha nini, wanangu, na maji haya ya tabu?" Akacheka sana. Sisi tukaumia, tukamhesabu kuwa mtu asiye na moyo. Ikawa shikamoo ya mbali, marahaba ya mbali.

Lakini ndiye aliyekuja tena baada ya Pasaka, akasimama pale pale, safari hii bila kucheka. Akagusa majani kwa kidole, akakilamba kidole. "Mmeutia chumvi," akasema. Akaenda kwake akarudi na mtungi wa udongo, wa kufinyangwa kwa mkono, wenye ufa mdogo mdomoni. Akauchimbia nusu kwenye mchanga chini ya kivuli cha mkorosho, akatuagiza tuujaze maji na tulilaze tawi mdomoni mwake juu ya vijiti. Mwalimu wetu wa baiolojia aliona aibu, maana jambo lenyewe alikuwa akilifundisha darasani: mtungi hutoa jasho, maji yakipenya udongo na kukauka kwa nje huchukua joto, na kilicho ndani hubaki baridi. Juu ya mdomo wake kuna unyevu mchana kutwa. Maji ya ndani ya mtungi yaweza kuwa hata ya kisima. Ya kunyunyizia majani ni lazima yawe ya mvua. Tukanunua pipa.

Mafundo hayakupungua tena haraka. Yalibaki tisa, wakati mwingine nane. Bibi akawa anapita kuangalia, na ile shikamoo ya mbali ikaanza kusogea. Siku moja aliuliza kama tukipata mbegu tunaweza kupanda zaidi. Mwalimu akamweleza kuwa mbegu za okidi ni kama vumbi, maelfu ndani ya tunda moja, na hazibebi chakula chochote kama maharage au mahindi yanavyobeba. Haiwezi kuota hata moja mpaka ikutane na kuvu fulani ambaye ataingia ndani yake na kuilisha. Bibi akafikiri. "Kumbe ni yatima," akasema. "Anamsubiri jirani."

Mwezi Aprili 2019 tukapigiwa simu kuwa mama anaumwa. Tuliomba. Hatuandiki neno hilo kwa wepesi. Jumuiya yetu, watu wasiozidi kumi na watano, walifunga na kukesha pamoja nasi wiki mbili, na baadhi yao ni wavuvi ambao kukesha kwao ni kukosa riziki. Tulimkumbusha Mungu alivyomponya mkwewe Petro. Tulisimama juu ya ahadi kama tulivyofundishwa kusimama. Tarehe tunaiacha, katikati ya Mei simu ikalia tena.

Kutoka Ghuba ya Mnazi hadi Rungwe ni kuikata nchi yote ya kusini: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, halafu Uyole ndipo ushike njia ya Tukuyu. Basi letu liliharibika katikati ya safari, tukalala kando ya barabara. Tulipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa na mvua imekwisha kulisawazisha.

Msibani watu walisema mengi ya kutufariji, na tunajua walisema kwa wema. Mmoja alisimama akasema maneno ambayo sote tumeyasikia mara nyingi kwenye misiba, hata sisi tumewahi kuwaambia wengine: kwamba Mungu akipita bustanini mwake huchuma ua lililo zuri kuliko yote. Watu wakaitikia amina. Sisi wawili tulitazamana. Hatukusema kitu mpaka usiku, tumelala kwenye kitanda cha mama, ndipo mmoja wetu akasema gizani: "Mama mwenyewe hakuchuma." Ni kweli. Mama alikuwa na zulia zima la okidi mbele yake, mahali pa kufikia kwa mkono, na hakuchuma. Na sasa tunaambiwa Mungu ni mchoyo kuliko mama?

Tulirudi Mtwara na swali hilo kifuani, na likafunga midomo yetu. Ibadani tulikwenda, nyimbo tuliimba, lakini ile sala yetu ya alfajiri ya watu wawili, tuliyoanza siku ya harusi, ikakoma. Hatukuamua kuiacha. Asubuhi ya kwanza kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze, na hakuna aliyeanza. Ya pili vivyo hivyo. Halafu ikawa desturi.

Tawi tulikuwa tumemwachia bibi. Wiki tatu, na mwezi wenyewe ulikuwa Ramadhani. Tulipoingia uani mtungi haukuwepo chini ya mkorosho, na mmoja wetu, mwenye uchungu wa safari nzima, alipaza sauti kwa namna tunayoionea haya hadi leo. Bibi akatoka kwake taratibu. Mtungi ulikuwa nyuma ya nyumba yake. Mchana aliuweka kivulini, na usiku, baada ya futari, aliusogeza mahali pa wazi ili tawi lipate umande, kisha alfajiri akila daku anaurudisha kabla jua halijatoka. "Mchana lina kivuli, lakini usiku mlikuwa mnalilaza chini ya mti kama ndani ya nyumba," alisema. "Usiku wa kusi una baridi. Lipeni baridi." Maji ya mvua katika pipa letu yalikuwa yamekauka baada ya kuku kulipindua, kwa hiyo alilinyunyizia maji aliyoyakinga mwenyewe masika, aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya kunywa. Alikuwa amekata mafundo yaliyokufa kwa kisu. Yaliyobaki yalikuwa saba. La saba lilikuwa jipya.

Tulimwomba radhi. Alitupa pole ya msiba, akalia, ingawa hakumjua mama, akasema ameijua kazi ya mkono wake.

Kuanzia hapo tukafanya kama alivyofanya. Usiku tunatoa, alfajiri tunarudisha. Yaani kila alfajiri tulilazimika kuamka pamoja, kwa sababu mtungi uliojaa maji ni mzito kwa mtu mmoja. Tuliubeba kimya, miezi ya Juni, Julai, Agosti. Hatutaki kuipamba habari hii. Hakukuwa na sauti wala ndoto. Asubuhi moja, tukiwa tumeushika mtungi huku na huku, mmoja wetu alisema, "Labda hakuchuma. Labda aliokota." Mwingine akauliza, nani? "Mungu. Labda dhoruba iliangusha, yeye akainama." Tukautua mtungi. Tukasimama kidogo. Kisha mmoja akasema Baba yetu, na tukaendelea na ile sala hadi mwisho wake, kwa sauti ya chini, kuku wakituzunguka.

Tulimweleza mzee mmoja wa kanisa wazo hilo, naye hakukubali. Alitukumbusha Ayubu, kwamba yeye alikiri waziwazi ni nani aliyetoa na nani aliyetwaa, na kwamba tusimpunguzie Mungu enzi ili tu mioyo yetu ipoe. Tunaheshimu neno lake. Tumelisoma tena kitabu cha Ayubu kuanzia mwanzo, na tumeona pia kwamba Ayubu alisema mengine mengi baada ya hapo, na Mungu hakumfukuza. Tunamwacha mzee na hoja yake, naye ametuacha na yetu, na Jumapili tunakaa benchi moja.

Okidi ilichanua mara moja tu, Julai 2020. Tungesema "ilichanua" tukamfanya msomaji afikirie jambo kubwa. Ua lilikuwa na ukubwa wa punje ya choroko, rangi ya njano iliyoiva yenye mistari ya damu ya mzee, limebanana karibu kabisa na tawi, kiasi kwamba ilibidi tupige magoti na kulitazama kwa miwani ya bibi. Bibi alitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Ndilo hili?" Ndilo, bibi. Akacheka kama siku ya kwanza, na safari hii tukacheka naye.

Wiki iliyofuata akatupeleka kuona la kwake, kama alivyosema. Tulitembea hadi kichaka kilicho kando ya mikorosho, akafunua matawi. Kulikuwa na fungu la mizizi ya kijivu, imesokotana kama kiota kilichoharibika, bila jani hata moja. Mwalimu alipiga kelele. Hiyo ni okidi pia, ya pwani, isiyo na majani kabisa. Mizizi yake ndiyo inayofanya kazi ya majani, na ukiinyunyizia maji unaiona ikigeuka kijani mbele ya macho yako. Ilikuwa na vijiua vyeupe vidogo kuliko kichwa cha pini. Ipo hapo miaka yote, haijamwagiliwa na mtu, inakunywa hewa ile ile ya chumvi tuliyokuwa tukiilaumu. Bibi alisema tangu utotoni alidhani ni nywele za mti. Hatukuichuma.

Barua ya uhamisho hatukuihuisha mwaka ule, wala uliofuata. Hatuna maelezo marefu. Ilipofika siku ya kujaza fomu tulikuwa tunahangaika kutafuta bati la kuongeza mfereji wa maji ya mvua, la kwetu na la kwa bibi, na siku ikapita.

Kila kaskazi ikija na joto lake, mafundo hupungua. Kusi likirudi, huongezeka. Asubuhi ya leo, tukiwa tumekwisha kurudisha mtungi kivulini, tulihesabu tukapata kumi na manne. Bibi, ambaye sasa macho yamemwishia na huhesabu kwa kupapasa, anasema ni kumi na matano. Chini ya tawi kuna kinundu kidogo ambacho bado hakijatoa jani, naye anataka nacho kihesabiwe.